Radhi Niliyoituma kwa Hamad

Siku niliyokatwa ziwa, mjukuu wangu Raya alikuwa amekaa nje ya chumba cha upasuaji, na mimi nilifurahi kumwona pale. Nalitanguliza hili kwa sababu furaha ile mpaka leo inaniuma kuliko kovu. Kovu limeshapoa.

Naandika kwa ajili ya wanawake wanaoambiwa leo nilichoambiwa mimi mwaka juzi. Nesi Salma wa Chake Chake ndiye aliyenichokoza. Alisema, "Bi Time, wagonjwa wapya sisi wanatuogopa. Weye watakusikiliza." Nikamwambia mie skuli nilikomea darasa la tatu. Akanambia kansa haiulizi cheti. Basi. Habari za dawa ziko kwa wenyewe. Mimi nitasema ya kwenye benchi, ya mwilini, na ya kwangu nyumbani, maana huko ndiko nilikoumizwa zaidi.

Raya ni mtoto wa binti yangu Mize, aliyefariki kichanga kina miezi minne. Nilimlea mimi hapa Micheweni. Alipokuwa anakataa kulala kwa kilio, nilimtia ziwa langu kavu mdomoni, la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia nilikuwa na kazi nao. Akalivuta halina kitu, akalala. Alipokua, sisi wanawake tukenda pwani kufunga mwani maji yakitoka, yeye yuko kwenye mchanga mgumu anacheza mpira na wanawe jirani yetu Kombo, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Kutoka skuli akachukuliwa Unguja, kutoka Unguja timu moja ya Dar es Salaam ikamwandikisha. Ikawa ndiyo kazi yake, kama mwengine anavyokuwa mwalimu.

Wakasema ni kiungo. Nikamuuliza ndiyo kazi gani hiyo. Akanambia, "Bibi, mie nakaa katikati. Mabeki wakiupata mpira wananipa mie, mie nampelekea wa mbele, yeye ndiye anayefunga na kushangiliwa."

"Ehe," nikamwambia, "kumbe kazi ya mke mkubwa."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwanangu Hamad, mjomba wake, hakuupenda mpira ule tangu siku ya kwanza. Hamad si mtu mbaya. Watu wakifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika, msikitini hakosekani. Lakini anaishi kwa midomo ya watu. Siku moja alinijia uso umemvimba. "Mama, jana barazani nimesemwa. Raya kaonekana kwenye televisheni mapaja wazi."

"Mapaja gani, na mtoto anavaa suruali ndani na kitambaa kichwani?"

"Wamesema wamemwona."

"Basi waambie wakimaliza kutazama waniletee matokeo."

Aliondoka hakuaga. Nilidhani yameishia pale.

Uvimbe niliugusa nikioga, mwezi wa maulidi, ubavuni mwa ziwa karibu na kwapa, mgumu kama kokwa ya tende. Nikasema ni kamba za mwani, nimevuta vibaya. Nikawa naupaka mafuta ya karafuu. Maulidi yakapita, vuli ikapita, ngozi ikaanza kuvutika ndani kama imeshonwa kwa uzi. Ndipo nikenda Chake Chake. Wewe unayesoma usifanye kama mimi. Mafuta ya karafuu ni ya jino.

Walinikata kipande cha nyama, nikangoja majibu, na majibu yakawa hayo. Nikaambiwa niende Dar es Salaam, nikapasuliwe, kisha nitundikiwe dripu, kisha nipigwe mionzi. Niliuliza swali moja tu: "Nitarudi kabla ya Ramadhani?" Daktari akanambia, "Bibi, tuseme inshaallah." Nikajua sitarudi.

Kwetu mtu hendi kupasuliwa bila kutakana radhi. Nilitandika mkeka uwani, watu wakaja, mmoja mmoja, nisamehe nilipokukosea, nami nisamehe. Bi Mgeni, jirani yangu wa miaka arobaini, akanishika mkono akasema, "Time, yule kuku wako mweupe aliyepotea nilimla mie."

"Nilijua. Manyoya uliyatupia kwangu."

Tulicheka huku machozi yanatutoka.

Raya hakuwepo. Ligi ilikuwa katikati na alikuwa kambini, na kambini kabla ya mechi simu zinakusanywa. Hamad alikuwa anatangulia Dar kunitafutia chumba. Nikamkalisha mbele yangu, nikamwambia neno kwa neno: "Nenda kwa Raya. Mwambie bibi yako anakwenda kukatwa ziwa. Mwambie radhi yangu anayo yote, kwa ziwa hili alilonyonya mama yake na yeye akalinyonya kavu. Asiache kazi yake kwa ajili yangu. Nikifa asijilaumu."

Hamad akaitikia, "Inshaallah Mama, nitamfikishia."

Hilo ndilo kosa langu. Radhi ilikuwa yangu, ningengoja simu zifunguliwe nikaisema kwa mdomo wangu. Lakini niliogopa nitalia, na mimi sikutaka mtoto anisikie nalia.

Nilipofika Dar, Raya yuko bandarini ananingoja. "Timu imenipa ruhusa, Bibi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upone."

Nilijiuliza, timu gani ina roho hiyo? Nikaliacha swali pale pale. Nilikuwa namtaka. Sitajificha, nilikuwa namtaka awepo.

Nilipozinduka upande wa kushoto ulikuwa bapa kama kifua cha mtoto, na ubavuni kumening'inia kichupa kinachojaa maji ya damu. Raya ndiye aliyekimwaga kila asubuhi na kukiandika kimejaa kiasi gani. Tulipanga chumba Magomeni kwa Mpemba mwenzetu. Alinivalisha, alininyoosha mkono uliokakamaa, hesabu kumi juu, hesabu kumi pembeni, kama wanavyofanyishwa wao mazoezini. Nikimpigia kelele ananambia, "Lia, lakini usiushushe."

Kisha zikaja dripu, moja kila wiki tatu, na masika ikaja nazo. Nawaambieni yale ambayo hakuna aliyeniambia. Ile dawa nyekundu itakutoa mkojo mwekundu, usipige ukunga kama nilivyopiga mimi. Chukua kanga ya pili, chumba kile kina baridi. Tia kipande cha barafu mdomoni dripu ikishuka, vidonda vya ulimi vinapungua. Chakula kitakuwa na ladha ya chuma, hata ndizi mbivu, hata maji. Nywele zangu zilianguka baada ya dripu ya pili, zikabaki kwenye mto kama za paka. Raya alizinyoa zilizosalia, kisha akanibusu utosini akasema, "Bibi, una kichwa kizuri, sijui ulikuwa unakificha nini." Kucha ziliingia weusi. Nyusi zikaenda. Nilijitazama kwenye kioo nikaona uso wa marehemu baba yangu, mzee Faki.

Kwenye benchi la kungojea tulikuwa watu wale wale: Bi Zuhura wa Tanga, Bi Rukia wa Lindi, Mama Neema wa Morogoro, na Theresia, mdogo kuliko sote, ambaye dripu ya nne hakuja tena. Tulijua nani anatapika njiani na nani anatapika akifika. Mama Neema alinipa ndimu ya kunusa siku ya kwanza, hata jina langu hajalijua. Mpaka leo nikinusa ndimu namwombea.

Dalili zilikuwepo. Raya hakwenda mazoezini hata siku moja. Viatu vyake vya mpira sikuviona. Pale hospitali kuna televisheni ukutani, na mpira wa wanawake ukianza yeye huondoka kununua maji, na maji tunayo. Usiku miguu yake ilikuwa inarukaruka usingizini. Nilikuwa naiona, nageukia ukutani.

Siku ya dripu ya tano, Mama Neema aliletwa na bintiye, huyo Neema mwenyewe, mwanafunzi wa chuo, hajawahi kuja kabla. Alikaa akamtazama Raya, akamtazama tena.

"Samahani dada. Wewe si Raya? Namba nane?"

Raya akatazama chini.

"Mama, huyu ndiye niliyekuwa nakuambia! Jamani dada, ulituua. Unaiachaje timu ligi iko katikati? Na jina lako lilikuwa limeshatoka, timu ya taifa! Mtandaoni wengine walisema umeolewa, wengine una mimba."

"Basi dada, nyamaza," Raya akasema polepole.

Mimi nikaingia. "Hakuacha mwanangu. Kapewa ruhusa."

"Bibi, alivunja mkataba. Wameshasajili mwingine nafasi yake."

Nesi akatoka mlangoni. "Time Faki!"

"Ningoje," nikamwambia. Nikamgeukia Raya. "Kweli?"

Akasema maneno ambayo nilitamani Mungu angenichukua kwenye kisu nisiyasikie. "Si ulitaka wewe, Bibi."

Akanieleza pale pale, mikono iko mapajani. Hamad alimfuata kambini akamwambia: bibi yako anakwenda kukatwa, na amesema ukitaka radhi yake uache mpira leo hii, uje umuuguze. Na ukishakuja usimtajie mpira wala usimuulize, presha itampanda afe mikononi mwako.

"Na weye ukaamini?"

"Aliapa, Bibi. Kwa jina la marehemu Mama."

"Miezi minne unafuta matapishi yangu, hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Alisema nitakuua!"

Nesi akaita tena. Nikenda nikatundikiwa, na saa zile zote nilitazama matone yanashuka. Ya Hamad nilijua pa kuyaweka. Ya Raya sikujua. Nilimtetea mbele ya mjomba wake, mbele ya jirani, nilimnyamazishia mji mzima, halafu akaletewa maneno yale akayaona yanafanana na mimi. Niliona na yeye ameniuza. Nilikaa siku mbili simsemeshi, naye ananipikia uji. Siku ya tatu nikamwambia, "Nami niliona miguu yako inarukaruka, nikageukia ukutani." Akaja akaweka kichwa chake hapa, upande wa kovu, mara ya kwanza tangu nikatwe. Iliniuma, sikumtoa.

Hamad tulimwita bila kumwambia sababu. Akaja na mfuko wa machungwa.

"Mama, umekonda."

"Raya ulimwambia nini?"

Akamtazama Raya. "Usimtazame yeye," nikasema. "Mie ndiye niliyeuliza."

Akakaa. Akatoa chungwa akalimenya, polepole. "Nilimwambia nilichoona kina faida. Mama, nani angekuuguza? Mke wangu ana mtoto mchanga. Dada Sharifa yuko Muscat. Huyu asingekuja."

"Angekuja."

"Angekuja wiki moja akarudi kwenye mpira wake."

"Wiki hiyo ingekuwa yangu. Hii miezi uliyoniletea ni ya wizi, na umenilisha."

"Nilitaka upone. Si unapona?"

Hapo alinikamata, na ndipo paliponichoma kuliko pote. Bila Raya dripu zile nisingezimaliza, ningerudi kufia Micheweni. Nimepona kwa uongo wa mwanangu. Nimeligeuza neno hili kila upande, halilaliki.

Nikamuuliza moja tu. "Na barazani walikupongeza?"

Masikio yake yalikuwa mekundu. Mama humjua mwanawe kwa masikio.

Dripu ya sita nilipoimaliza, kabla mionzi haijaanza, nilimwambia Raya anipeleke kwa kocha wake. Alikataa, nikamwambia basi nitauliza njia. Tukenda uwanjani. Kocha Bahati ni mwanamke mfupi, filimbi shingoni, alinitafutia kiti mwenyewe akakiweka kivulini. Mimi sina nyusi, nimejifunga kilemba, upande mmoja wa kifua hauna kitu. Nikamwambia, "Mwanangu, sikuja kumtoa mtoto wa mwenzangu kwenye nafasi yake. Nimekuja ujue Raya hakuwakimbia. Alidanganywa kwa jina langu, na mwenye jina ndiye mie."

Akamtazama Raya muda mrefu. "Mbona hukuniambia kama bibi anaumwa? Ningekupa ruhusa. Nimewapa wangapi?"

Raya akainama akashika magoti, kama waliofungwa bao dakika ya mwisho. Maana yake uongo ule haukuwa hata na kazi. Ruhusa ilikuwepo. Angeniuguza, na kazi yake angeikuta.

Kocha akasema nafasi kwake imejaa, hawezi kudanganya. Lakini yuko mwenzake Iringa, wanafungua majaribio wiki ijayo, atampigia. Iringa! Mimi naijua kwa baridi yake tu.

Njiani Raya akasema, "Sendi. Una mionzi ya wiki tano. Sikuachi peke yako."

Nikamsimamisha pembeni ya barabara, mbele ya muuza mahindi. "Nitazame. Radhi yangu unayo, ya kucheza na ya kwenda. Unanisikia kwa masikio yako mwenyewe?"

"Nakusikia."

"Nani kasema?"

"Wewe."

"Basi."

Muuza mahindi akaitikia, "Amin."

Mionzi nilikwenda na Mama Neema, naye alikuwa anapigwa wakati huo huo. Ilikuwa kipupwe, asubuhi zina baridi, tunashikana mikono kama wasichana wa chuoni. Mionzi yenyewe haiumi, inakuja kuuma baadaye. Ngozi iliungua ikawa nyeusi kama ukoko wa chungu, ikachunika kwapani. Usitie manukato, usivae nguo ya kubana, na usijione mnyonge ukilia chooni. Wote tulikuwa tunalia chooni. Ukitoka utamkuta mwenzako anangoja zamu.

Raya majaribio ya kwanza walimkataa. Alikuwa amenenepa kwa kumalizia sahani zangu, pumzi hana. Wakamwambia arudi baada ya wiki mbili, na katika wiki zile akawa anapanda milima ya huko alfajiri. Alirudi, wakamchukua kwa msimu mmoja. Mechi nyingi anaanzia benchi. Timu ya taifa hawajamwita tena, na yule aliyechukua nafasi yake Dar ndiye anayeitwa. Nasema kama ilivyo, kwa sababu watu hupenda kuniambia Mungu amemlipa. Mungu ana hesabu zake. Mimi niliyemwona akishika magoti pale uwanjani, siwezi kusema kitu kimerudi mahali pake.

Mimi nimerudi Micheweni. Mkono wa kushoto unavimba nikiinua kitu kizito, mwani sifungi tena, nakaa ufukweni nawachambulia wenzangu. Nywele zimeota laini kama za mtoto. Hamad anakuja kila asubuhi, ananiletea samaki, ananipeleka kliniki kwa pikipiki yake na hunishika nisianguke. Ameniomba radhi mara mbili. Nimemwambia aanzie kwa Raya. Hajaanzia. Naye ni mwanangu, chai yake namtilia sukari anavyopenda, lakini moyo unapofika pale unasimama kama punda. Wewe unayeugua utaambiwa samehe upone upesi. Mimi nakwambia pona kwanza.

Wiki iliyopita nilikuwa Chake Chake kuangaliwa. Nesi Salma akatoa kadi mpya. "Bi Time, hapa panataka jina la mtu wako. Siku ukiwa huwezi kusema, tumuulize nani?"

Hamad alikuwa amekaa ubavuni mwangu, ameshasogea mbele. "Andika Hamad—"

"Andika Raya," nikasema.

Salma akainua kalamu. "Raya si yuko Iringa? Bi Time, huyu mwanao yuko hapa."

"Ni mwanangu. Andika Raya."

Salma akauliza namba ya simu, na mimi majina yote ninayo kichwani, namba sina hata moja. Kisha Hamad akatia mkono mfukoni, akatoa simu yake, akaisoma namba ya Raya, moja moja, taratibu, Salma anaandika.

Alipomaliza nikamwambia Salma, "Ipige kwanza."

Salma akanitazama, akamtazama Hamad. Hamad akatazama sakafu, masikio yamemwiva. Salma akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikalia mara nyingi. Kisha upepo, filimbi, watu wanaitana, na mtu anayehema kama aliyetoka kukimbia.

"Haloo? Sema haraka, niko mazoezini."

"Ndiye," nikasema. "Andika."